UZI: Biles alivyorudi na kushinda Paris 2024. Tukae na kalamu tuitazame fainali upya

Mzee wa Pointi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Marudio ya fainali ya jimnastiki ya wanawake ya Olimpiki ya Paris, ile ya vifaa vyote vinne ya tarehe 1 Agosti 2024 pale Bercy, bado yanatazamwa sana, na kila yakipita swali ni lilelile: Simone Biles alishindaje wakati mashindano yalipofika nusu alikuwa wa tatu? Majibu ninayoyaona ni "ana moyo" na "ana kipaji". Ni kweli, ila mtu aliyekaa mbele ya runinga hayamsaidii kitu. Jibu limeandikwa pale chini ya kioo, kwenye zile namba zinazopita haraka. Nawawekea hapa za wawili waliopigania dhahabu, Biles wa Marekani na Rebeca Andrade wa Brazil:

Meza ya kurukia: Biles 15.766, Andrade 15.100
Vyuma viwili: Biles 13.733, Andrade 14.666
Boriti: Biles 14.566, Andrade 14.133
Sakafu: Biles 15.066, Andrade 14.033
Jumla: Biles 59.131, Andrade 57.932

Sasa zisomeni kwa kushuka, kifaa baada ya kifaa. Baada ya meza Biles yuko mbele kwa 0.666. Vyuma vikamnyang'anya 0.933, kwa hiyo katikati ya mashindano yuko nyuma kwa 0.267. Boriti ikamrudishia 0.433, akatangulia kwa 0.166 tu. Hapo wanakwenda sakafuni, na tofauti yenyewe haifiki hata hatua mbili ndogo za kuyumba wakati wa kutua.

Biles alikuwa wa mwisho kupanda. Andrade alishamaliza na 57.932 yake iko ubaoni. Biles ana 44.065. Alihitaji ngapi? 57.932 ukitoa 44.065 unapata 13.867, na hiyo ni ya kufungana tu. Akapata 15.066.

Naomba wanaojua mchezo huu washuke na ufundi wake: nini kiliharibika kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, nini kilitengenezwa, na mtazamaji aangalie wapi. Siasa za nani malkia tuziache kwanza.

---

Binti Boriti

Mkuu, umesahau kitu kitamu kwenye hesabu yako. Ile 13.867 haiwezi kutokea kabisa.

Nieleze kwa wageni wa mchezo. Alama ya kila kifaa ni D kujumlisha E, kisha unatoa adhabu kama ipo. D ni ugumu: kila mruko una herufi yake, A ni 0.1, B ni 0.2, hivyohivyo hadi J ambayo ni 1.0. Kwenye vyuma, boriti na sakafu vinahesabiwa vipengele 8 vizito zaidi, ukiwemo mshuko, halafu zinaongezwa pointi za masharti ya utungaji (yakitimia yote ni 2.0) na bonasi ya kuunganisha miruko bila kusita. Meza haina mambo hayo, kila mruko una bei yake kamili kwenye kitabu cha kanuni za alama.

E inaanzia 10.0 na kushuka. Kosa dogo ni 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0. Majaji wa E ni saba. Zinatupwa alama mbili za juu na mbili za chini, zinabaki tatu za katikati, unachukua wastani wake. Kwa kuwa unagawa kwa tatu, mwisho wa alama huwa ni 00, 33 au 66 tu. Angalieni alama zote za vifaa alizoweka Mzee wa Pointi hapo juu, hakuna hata moja inayovunja kanuni hiyo. Na hawapandishi desimali, wanakata: ndiyo maana unaona 14.666 na huoni 14.667.

Sasa rudini kwenye hesabu. Biles angepata 13.866 pale sakafuni, jumla yake ingekuwa 57.931. Angeikosa dhahabu kwa 0.001. Alama ya kwanza inayowezekana ya kumpa ushindi ilikuwa 13.900. Aliyejua hilo wakati Biles anapiga hatua ya kwanza kwenye zulia alikuwa anatazama mchezo mwingine kabisa na wenzake waliokaa naye sebuleni.

---

Kocha wa Godoro

Naanza na Tokyo, maana bila Tokyo neno "kurudi" halina uzito.

Tarehe 27 Julai 2021, fainali ya timu. Biles anapanda mezani. Alichopanga ni Amanar: unakimbia, unapiga gurudumu la kugeuka juu ya ubao wa springi, unaifikia meza kinyumenyume kwa mikono (mlango huu unaitwa Yurchenko, kwa jina la Natalia Yurchenko), kisha samasoti moja ya kinyumenyume mwili ukiwa umenyooka, na ndani ya samasoti hiyo unajisokota mara mbili na nusu.

Weka video kwenye mwendo wa pole. Mikono inasukuma meza vizuri. Urefu upo. Msokoto unaanza, unapita mmoja, halafu mikono iliyobanwa kifuani inafunguka mapema na kichwa kinatafuta chini. Akatua na msokoto mmoja na nusu, amechuchumaa sana, na hatua kubwa mbele. Alama: 13.766. Kwenye kitabu cha wakati ule Amanar ilikuwa na D ya 5.8, na huo aliouruka ulikuwa 5.0.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa runinga walilipita. Ulipungua mzunguko mmoja mzima kamili. Msokoto mmoja na nusu na misokoto miwili na nusu vyote vinamalizia uso ukiwa umeelekea upande uleule, mgongo kwenye meza. Ndiyo sababu miguu ililikuta godoro. Msokoto ungekatika kwenye moja na robo tatu, mwili ungetua ukiwa bado unazunguka pembeni, na hapo goti ndilo linalopokea. Kwa hiyo aliyejitoa baada ya mruko ule hakuwa amekosa ujasiri. Alikuwa amepoteza kipimo cha mahali mwili ulipo hewani, na vifaa vitatu vilivyobaki vyote vina misokoto.

Wamarekani huiita hali hiyo twisties. Ufafanuzi wake si mgumu. Mwanajimnastiki hahesabu misokoto kwa macho, kwa kasi ile macho yanaona ukungu. Anategemea mifereji ya sikio la ndani inayohisi mzunguko, pamoja na mpangilio ambao mwili umeukariri kwa kurudia maelfu ya mara. Mpangilio ukikatika, ubongo unaanza kuuliza "niko wapi?" katikati ya safari, na jibu likija mwili umeshafika chini. Kumwambia mtu wa hali hiyo akaze roho ni sawa na kumwambia dereva aliyefungwa kitambaa machoni aongeze gia.

Akajitoa kwenye timu, kwenye fainali ya vifaa vyote tarehe 29 (Sunisa Lee akashinda), kwenye meza, vyuma na sakafu. Tarehe 3 Agosti akarudi kwenye boriti peke yake, na mshuko ukabadilishwa: badala ya samasoti mbili zenye msokoto, akashuka kwa samasoti mbili za kukunja kiuno zisizo na msokoto wowote. Shaba, 14.000. Ukitaka kujua mwanamichezo anaumwa wapi, tazama alichokitoa kwenye programu yake.

---

Sauti ya Mezani

Kocha umeeleza vizuri mno. Naongezea upande wa meza, kwa sababu pale ndipo Paris ilipoamuliwa.

Aliporudi mashindanoni Agosti 2023, Illinois, alipata jumla ya 59.100 siku ya kwanza tu. Oktoba mwaka huohuo, Antwerp, akaruka kwenye mashindano ya dunia ule mruko ambao sasa unaitwa Biles II wa mezani: mlango wa Yurchenko, kisha samasoti MBILI za kinyumenyume, magoti yamenyooka, mwili umekunjwa kiunoni. D yake 6.4.

Ugumu wake ni huu. Samasoti mbili baada ya kusukuma kwa mikono zinadai urefu ambao wanawake wengi hawaupati. Ukikosa urefu, ya pili haifungi, na unachotanguliza chini ni shingo. Na huwezi kubadili mawazo katikati. Mruko wa misokoto unaweza kuukata ukatua na pungufu kama Tokyo. Huu, ukishaachia meza, lazima uzimalize zote mbili.

Antwerp kocha wake Laurent Landi alisimama juu ya godoro wakati wa mchujo, tayari kumdaka, na kwa kusimama pale tu wakakatwa 0.5. Alama ikawa 15.266. Paris usiku ule ilikuwa 15.766. Toa moja kwenye nyingine mwone: 0.500 kamili. Mruko wa kiwango kilekile, bila mtu wa kumdaka.

Kwa hiyo kwangu mimi mezani ndipo dhahabu ilipopatikana. Andrade alikuwa na mruko mwingine wa mezani uitwao Cheng, D 5.6. Pointi 0.8 za ugumu zilikuwa mfukoni kabla hata hawajaanza kukimbia.

---

Mzee wa Pointi

Mkuu Sauti ya Mezani, nakubaliana na kila ulichoeleza kuhusu mruko, nakataa hitimisho. Hesabu haikubali.

Siku mbili kabla, fainali ya timu tarehe 30 Julai, Biles mwenyewe aliruka Cheng akapata 14.900. Chukulia angerudia Cheng ileile tarehe 1. Anapoteza 0.866. Jumla yake inakuwa 58.265, na bado anamshinda Andrade kwa 0.333. Meza haikuleta dhahabu.

Kama ni kifaa kimoja, basi ni sakafu. Pale alimzidi Andrade kwa 1.033, zaidi ya pointi nzima inayokatwa kwa kuanguka.

---

Binti Boriti

Na sakafu peke yake nayo haitoshi, kaka. Kwenye fainali ya timu sakafu yake ilikuwa 14.666. Weka hiyo badala ya 15.066, anapungukiwa 0.400, anabaki na 58.731. Bado anashinda.

Lakini ziwekeni ZOTE mbili za siku ya timu, Cheng ya 14.900 na sakafu ya 14.666, mwache kosa la vyuma lilivyo na boriti ilivyo. Meza, vyuma na boriti zinakuwa 43.199. Ongeza 14.666 unapata 57.865. Andrade 57.932.

Anashindwa kwa 0.067.

Hapo ndipo ugomvi wenu unapoishia. Kosa la vyuma lilikuwa na deni, na halikulipwa na kifaa kimoja. Mruko mzito wa mwanzo na sakafu safi ya mwisho ndivyo vilivyolilipa kwa pamoja. Kingekosekana kimojawapo angepona, vingekosekana vyote viwili dhahabu ingekwenda Brazil.

---

Sauti ya Mezani

Nimepiga hesabu mwenyewe mara mbili, ni kweli. Nimekubali, dada.

---

Mgeni wa Sarakasi

Asanteni wote. Kosa la vyuma lenyewe ni lipi hasa? Niliangalia na sikuona akianguka.

---

Kocha wa Godoro

Hakuanguka, ndiyo maana wengi hawakuliona.

Chuma cha juu kiko sentimita 250 kutoka chini, cha chini 170. Kuna sehemu anaachia cha juu na kurukia cha chini, akipita hewani kinyumenyume. Inatakiwa adake cha chini mwili ukiwa umenyooka na una kasi ya kutosha kuingia moja kwa moja kwenye kinachofuata. Usiku ule hakuipata nafasi. Akakunja magoti ili miguu isikwangue godoro, kasi ikafa, akalazimika kujivuta kwa nguvu za mabega kuingia kwenye mruko uliofuata.

Majaji wanaona nini pale? Magoti yaliyokunjwa ni 0.1, 0.3 au 0.5 kulingana na pembe. Kujivuta kwa nguvu badala ya kubebwa na bembea ni kato jingine. Na kwenye vyuma kuna kanuni kali: ukiongeza bembea tupu isiyo na mruko, ni 0.5. Kwa hiyo mtu akikosa kasi, njia zote za kujiokoa zina bei. Siku ya timu alipata 14.400 hapo, usiku ule 13.733.

Ukirudia video, usiangalie mikono. Angalia magoti na vidole vya miguu vinapopita karibu na godoro. Ni chini ya sekunde moja.

Halafu kamera ilimfuata akiwa ameketi kwenye kiti, macho yamefumbwa, kifua kinapanda na kushuka polepole, na kundi zima linajiandaa kuhamia boriti. Boriti yenyewe: upana sentimita 10, urefu kutoka chini 125, mita 5 kwenda mbele. Mtu aliyetoka kukosea kwenye vyuma anaingia kwenye kifaa ambacho mguu ukiteleza sentimita chache ni pointi nzima. Akatoka na 14.566. Mimi boriti ile naiweka juu ya kila kitu alichofanya Paris, na ninajua hesabu ya dada Binti Boriti inasema vingine.

---

Jirani wa Nemour

Mbona hakuna aliyetaja nani alikuwa wa pili wakati Biles ni wa tatu? Kaylia Nemour wa Algeria!

Baada ya vifaa viwili: Andrade 29.766, Nemour 29.566, Biles 29.499. Mwafrika alikuwa mbele ya Biles kwa 0.067 katikati ya fainali ya Olimpiki, kwa sababu kwenye vyuma alipiga 15.533, alama ambayo hakuna aliyeifikia usiku ule. Alimaliza wa tano na 55.899. Kilichompunguza ni boriti na sakafu. Lakini tarehe 4 Agosti alirudi kwenye fainali ya vyuma peke yake akapata 15.700 na dhahabu, mbele ya Qiu Qiyuan wa China mwenye 15.500. Ni medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara letu lote.

Mkiiangalia fainali ya vifaa vyote, msiruke kundi la vyuma. Mtazameni Nemour anavyounganisha: anaachia, anadaka, na palepale ameshaachia tena. Hapumziki kati ya mruko na mruko, na kila muunganiko ni bonasi kwenye D. Mkimaliza hapo, wekeni ya Biles. Mtaona kwa macho pointi 1.8 zinakaa wapi.

---

Mzee wa Pointi

Umesema kweli, na lilikuwa kosa langu kumwacha kwenye bandiko la kwanza.

---

Zulia la Mita 12

Nimesubiri mfike sakafuni.

Kocha alisema Tokyo kilichopotea ni msokoto. Sasa angalieni: mruko wa mezani wa Paris hauna msokoto ndani ya zile samasoti mbili. Ni hatari, ni mzito, lakini haujibu swali la Tokyo. Swali la Tokyo linajibiwa sakafuni, na hii ndiyo sababu mimi naiona sakafu kuwa moyo wa ushindi ule, hata kabla ya hesabu.

Ndani ya programu yake kuna Biles II ya sakafu, mruko alioutambulisha mashindano ya dunia ya Stuttgart 2019: samasoti mbili za kinyumenyume amejikunja magoti kifuani, na ndani yake misokoto mitatu. Herufi J, pointi 1.0 kwa mruko mmoja. Misokoto mitatu! Tokyo miwili na nusu ilimkatika ndani ya samasoti moja.

Jinsi ya kuutazama kwa mwendo wa pole:

Anza na miguu kwenye zulia, mara tu baada ya kujitupa kinyumenyume kwa mikono. Mwili unapaswa kuondoka ukiwa wima na mikono juu masikioni. Anayeanza kujisokota miguu ikiwa bado inagusa zulia anaiba urefu wake mwenyewe, na mwisho atatua kifua kiko chini.

Kisha mkono mmoja unashuka kuvuka kifua kabla ya mwenzake. Kutokulingana huko kwa mikono ndiko kunakouinamisha mwili kidogo na kuuzaa msokoto. Mikono ikibana karibu na mwili, msokoto unaongeza kasi. Ikifunguka, unapungua. Kwenye mruko wa Tokyo mikono ilifunguka mapema. Paris inabaki imebana mpaka robo ya mwisho, halafu inafunguka na kichwa kinaliona zulia.

Mwisho ni kutua. Hatua ndogo 0.1. Hatua kubwa au mdundo mkubwa 0.3. Mguu mmoja nje ya mstari 0.1, miguu yote miwili 0.3. Zulia ni mita 12 kwa 12, na yeye tatizo lake halijawahi kuwa kufika, ni nguvu kuzidi nafasi.

Yote hayo akiwa amefungwa bandeji mguu wa kushoto, maana msuli wa kigimbi ulimsumbua tangu mchujo wa tarehe 28 Julai.

---

Mgeni wa Sarakasi

Samahani kama ni swali dogo. Kama alikuwa amerudi kiasi hicho, kwa nini fainali ya sakafu peke yake alishindwa na Andrade?

---

Zulia la Mita 12

Si dogo hata kidogo, tena jibu liko kwenye mstari niliouandika juu.

Tarehe 5 Agosti. Andrade 14.166, Biles 14.133. Tofauti 0.033, yaani theluthi moja ya kosa dogo kuliko yote. Vunja alama ya Biles: D 6.9, E 7.833, adhabu 0.6. Hiyo 0.6 ni miguu yote miwili nje ya mstari, mara mbili. Laiti mara moja tu mguu mmoja ungebaki ndani, 0.3 ingekuwa 0.1, na alama ingekuwa 14.333. Dhahabu. Andrade D yake ilikuwa 5.9, pointi nzima chini, lakini E 8.266 na hakuvuka mstari.

Siku hiyohiyo Biles alianguka kwenye boriti, 13.100, nafasi ya tano, Alice D'Amato wa Italia akachukua dhahabu. Nayaweka haya kwa sababu watu wanapenda kusimulia kurudi kama safari ya kupanda tu.

---

Binti Boriti

Na Andrade mwenyewe tusimpite. Goti la kulia, ligamenti ya mbele, upasuaji mara tatu: 2015, 2017, 2019. Kamaliza Paris na fedha ya vifaa vyote na dhahabu ya sakafu, kifaa ambacho kila kutua kunapiga goti moja kwa moja. Ukimtazama, ona alivyochagua D ndogo na kuifanya isafishike. Kwa goti la namna ile huwezi kupandisha ugumu kila mwaka, kwa hiyo anakusanya pointi kwenye E. Sunisa Lee naye, bingwa wa Tokyo, aliugua figo 2023, na usiku ule akachukua shaba kwa 56.465, juu ya D'Amato kwa 0.132. Jukwaa zima la washindi lilikuwa la watu waliorudi.

---

Kamera Tatu

Niongeze ya kiutendaji kwa wanaotaka kuirudia wikendi hii.

Matangazo yalianza saa 12:15 jioni Paris, sawa na saa 1:15 usiku kwa Dar na Nairobi. Mkipata rekodi kamili, chagueni ile isiyokatwakatwa. Ile ya dakika chache inaonyesha miruko na kuacha subira ya alama, na subira ndiyo mchezo wenyewe.

Karatasi iwe na safu nne: jina, D, E, jumla inayopanda. D ikitokea kioo, linganisha na kifaa hichohicho siku ya timu. D ikiwa chini kuliko kawaida yake, kuna mruko haukuhesabiwa au muunganiko ulivunjika, hata kama kwa macho ulionekana sawa.

Kamera ya pembeni ndiyo ya kuaminika kwa meza na miruko ya sakafu, kwa sababu inaonyesha urefu na mahali kifua kilipo wakati wa kutua. Ya mbele inaficha magoti yaliyokunjwa. Ya juu ni nzuri kwa kitu kimoja: kuona kama mtu ametua katikati ya godoro la meza au amepotoka kwenda pembeni, maana kuna mistari na kuivuka kuna kato.

Msilinganishe jumla za Tokyo na za Paris moja kwa moja. Kitabu kilibadilishwa 2022 na bei za meza zilishushwa: Amanar kutoka 5.8 hadi 5.4, Cheng kutoka 6.0 hadi 5.6. Mtu aliyeruka vilevile miaka yote miwili ataonekana ameshuka.

---

Mgeni wa Sarakasi

Kuna wakati alama inatokea kisha inabadilika. Ni kwa nini?

---

Kamera Tatu

Ni rufaa ya kocha. Anaruhusiwa kupinga D tu, E haipingwi. Na muda ni mfupi: kwa anayefunga kundi ni dakika moja tangu alama itokee. Fainali ya sakafu, Jordan Chiles wa Marekani alipandishwa kutoka 13.666 hadi 13.766 kwa rufaa na kuvaa shaba, kisha mahakama ya usuluhishi ya michezo, CAS, ikasema rufaa ilichelewa sekunde 4. Shaba ikaamriwa kwa Ana Bărbosu wa Romania mwenye 13.700, na shauri likapelekwa mahakama ya juu ya Uswisi. Kwa hiyo alama ikitoka, usifute penseli yako mpaka dakika ipite.

---

Zulia la Mita 12

La mwisho kwa anayerudia sakafu ya Biles: usimwangalie yeye peke yake. Kwenye kona za zulia wameketi waamuzi wa mstari wenye bendera. Mruko ukiishia kona ya mbali, jicho moja liwe kwa mwamuzi wa pale. Akinyanyua bendera, andika kato lako palepale, 0.1 kama ni mguu mmoja, 0.3 kama ni yote miwili. Utakuwa umeijua adhabu kabla mtangazaji hajaitaja.